Dumu la Nalweyiso

Bomba la Haji Kasirye hukohoa kabla ya kutapika.
Saa tisa usiku nalisikia likikohoa,
na kabla unyayo wangu haujagusa saruji
Bwaise nzima imekwisha amka:
komeo, ndala, mtoto anafinywa asilie,
plastiki inakwaruza plastiki.

Kwanza huja upepo.
Mita inazunguka kwa upepo,
kijishale chekundu kinakimbia kama mwenye deni,
na mwisho wa mwezi upepo huo tutaulipia,
vyumba kumi na viwili, sawa kwa sawa,
Drateru na watoto wake sita
na mimi na kivuli changu.
Hilo tuliligombania. Hatukupatana.

Walisema mgao ni wa siku tatu.

Hapa watu hatupangi foleni. Madumu ndiyo hupanga.
Hulala nje tangu magharibi, kila moja na sura ya mwenyewe:
la Ojok limefungwa mpira wa baiskeli shingoni,
la Drateru limetoboka ubavu, likazibwa kwa sabuni,
la Nalweyiso, manjano iliyopauka,
halina kifuniko; kizibo chake ni ndizi mbichi
aliyokuwa akiibadilisha kila Jumamosi.

Waliosema maji yakimwagika hayazoleki
hawakuwahi kupanga chumba huku.
Sisi huyazoa.
Kwa tambara, kwa kiganja, kwa mfuniko wa sufuria.
Maji yaliyoosha mchele yataosha sahani,
ya sahani yataosha miguu,
ya miguu yatapiga deki,
na ya deki, yamekuwa mazee, mazito kama uji wa ulezi,
hupelekwa chooni polepole
kama mtu aliyefanya kazi mpaka siku ya mwisho.

Juzi mvua ilinyesha.
Mfereji wa Nsooba ukafura, ukaingia bila hodi,
godoro likaelea,
kiatu changu kimoja kikatoka, hakijarudi.
Nilisimama juu ya kitanda, maji yamefika magoti ya meza,
koo limenikauka,
nikamwuliza Ojok ng'ambo ya ukuta
kama ana glasi moja ya maji.
Akacheka. Nami nikacheka.
Kisha akasema hana.

Mimi hufua nguo za watu.
Dumu la mia mbili sasa ni elfu moja,
na kijana wa pikipiki akilileta, ongeza mia tano.
Shuka moja ya mtu mzima hunywa dumu zima na bado ina povu.
Nilipanda kilimani kuomba bei mpya.
Mama yule alinisikiliza vizuri,
nyuma yake tangi jeusi kubwa kuliko chumba changu.
"Lakini kwetu," akasema, "maji yapo."

Nalweyiso aliondoka na lori la matoke
lililokuwa likirudi tupu Mubende,
mjukuu mapajani, tumbo limemwendesha siku nne,
midomo imepasuka kama udongo wa kiangazi.
Hakuaga. Alikuwa anadaiwa kodi.
Chumba chake kimepata mtu, na mtu huyo ana dumu lake.

Ila lile la zamani hakuna aliyeliondoa.
Kila alfajiri mguu wa mtu hulisukuma,
likasogea mbele, taratibu, kwa zamu yake,
mpaka chini ya bomba.

Usiku wa kwanza nililijaza kwa ajili yake.
Nilisema, huenda akarudi na mgonjwa.
Usiku wa pili nilisema, maji yakikaa huoza.
Usiku wa tatu sikusema kitu.
Nilifua mashati manne ya mwalimu wa Kawempe,
meupe, kola zikang'aa,
nikalipwa.

Drateru aliniona nikilibeba.
Alitazama dumu, akanitazama mimi,
akarudi kuhesabu watoto wake.

Leo ni Jumamosi.
Nimepita sokoni, nimechagua kwa makini,
si nene, si nyembamba,
nimebadilisha ile ndizi.